Zamu ya Nyama ya Mzee Siwale

Hoteli ya mama yangu pale Tunduma ilinukia vitunguu tangu asubuhi, hata siku ambayo jikoni hamkuwa na kitu cha maana cha kuunga navyo. Mama aliijua kazi yake. Mara aliposikia lori likiunguruma kutoka upande wa Mbozi, alikata kitunguu kimoja, akakitupa kwenye samli ya moto, akafungua mlango wa jikoni ili upepo umalizie kazi. Wasafiri walishuka wakinusa, wakaingia haraka, wakauliza kuna nini, na Mama akawajibu kwa heshima zote, "Kuna maharage." Jengo lenyewe lilikuwa la matofali mabichi na nyasi, lenye meza tatu na mabenchi sita ambayo mguu wa moja ulikuwa jiwe. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, na hoteli hiyo ndiyo iliyotulisha na kutuvisha.

Ninayotaka kusimulia ni ya mwaka nilipokuwa na miaka tisa, katika ile miaka ya shida, Mwingereza akiwa bado anatawala. Bei ya shaba ilianguka huko ng'ambo, migodi ya upande wa pili wa mpaka ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na wanaume waliokuwa wakipita kwetu kwenda kutafuta kazi wakaanza kupita wakirudi. Walirudi na masanduku ya bati na kofia nzuri, lakini mifukoni hamkuwa na kitu. Basi ulaji wa watu ukabadilika. Aliyezoea kuagiza nyama akaagiza maharage, wa maharage akaagiza chai, na wa chai akaomba maji ya kunywa, akakaa nayo mpaka kivuli kihame, kisha akasimama barazani akichokonoa meno ili wapita njia wamwone ametoka hotelini. Wengine walikuja na ugali wao umefungwa kwenye jani la mgomba, wakanunua mchuzi tu. Mmoja alikuja na ugali na mchuzi wake, akataka kununua chumvi. Mama alimuuliza kama na benchi amekuja nalo.

Wateja wa kila siku wakabaki watatu. Wa kwanza alikuwa Karani Mkandawire, mtu wa Nyasa aliyefanya kazi ya kuandika pale forodhani, mshahara wake ukiwa umepunguzwa lakini tai yake haijapunguzwa hata inchi moja. Wa pili alikuwa Simfukwe, kijana aliyerudishwa kutoka migodini, ambaye kitoweo alikiita *umunani* na kila alipopokea sahani alisema "Natotela, mama," kama Wabemba wanavyoshukuru, ingawa alizaliwa umbali wa kutembea kwa mguu kutoka mezani kwetu. Wa tatu alikuwa Mzee Siwale, fundi cherehani na mzee wa kanisa, aliyeshona kwenye baraza ya duka lililotazamana na hoteli yetu.

Hawa watatu hawakuweza tena kununua nyama kila mtu yake, na hawakukubali kuiacha. Karani, mtu wa taratibu, akatunga mpango. Wangechanga kununua sahani moja kwa siku, yenye vipande vinne, na kuila kwa zamu, wale wawili wengine wakimwagiwa mchuzi juu ya ugali wao. Jumatatu na Alhamisi zilikuwa za Mzee Siwale, Jumanne na Ijumaa za Karani, Jumatano na Jumamosi za Simfukwe. Jumapili hoteli ilifungwa. Sijapata kuona sheria ikilindwa namna ile. Mwenye zamu alikula polepole akitazama dari. Wasio na zamu walizungumzia hali ya hewa kwa sauti kubwa huku macho yao yakisindikiza kila kipande mpaka kinywani. Siku moja Simfukwe alikuta kinyama kidogo kimeponyoka kwenye mchuzi wake, akakimeza haraka, na Karani akamtaka aeleze mbele ya wote alichokuwa anatafuna.

Halafu watu wakaacha kushonesha nguo. Cherehani ya Mzee Siwale ikanyamaza, naye akaanza kukonda. Mkewe alikuwa amekwenda kulima kwao Msangano, kwa hiyo nyumbani alikuwa peke yake. Mchango wa nyama aliendelea kuutoa, lakini ugali aliagiza nusu, akisema tumbo lake limezeeka. Alhamisi moja hakutokea. Mama alinituma na uji, nikamkuta na homa kali, amejifunika koti, anazungumza na mtu asiyekuwepo juu ya vifungo vya shati. Nilimpelekea uji siku zote hizo, asubuhi na jioni.

Alirudi Jumanne adhuhuri, akitembea kwa kushika ukuta. Sahani ya nyama ilikuwa tayari mbele ya Karani. Karani alimtazama mzee, akaitazama nyama, akaisukuma kwake.

"Kula, Mzee."

"Leo siku gani?" akauliza Mzee Siwale. "Kama si yangu, sili. Zamu ni zamu. Mimi siyo ombaomba."

Karani Mkandawire, ambaye kazini aliandika tarehe kutwa nzima, akasafisha koo. "Leo Jumatatu," akasema.

Mzee akamgeukia Simfukwe, Simfukwe akaapa ni Jumatatu. Akamgeukia Mama, Mama akawa ameona moshi jikoni. Mwisho akanigeukia mimi. "Rebeka, mama, wewe unasoma misheni. Mtoto hasemi uongo. Leo siku gani?"

Nilisikia masikio yakiwaka moto. "Jumatatu, Babu," nikasema. Akashukuru Mungu, akala vipande vyote vinne, na rangi ikaanza kumrudia usoni tukimwangalia.

Tatizo la uongo ule ni kwamba ulihitaji kulishwa kila siku. Jumatano tulilazimika kuishi kama Jumanne, na Simfukwe akamwachia Karani zamu yake huku akiuma mdomo. Ijumaa ikawa Alhamisi, na mzee akala tena. Jumamosi aliniona nikichota maji asubuhi, akauliza mbona sikwenda shule na leo ni Ijumaa. Nikamwambia mwalimu amefiwa na shangazi. Akamhurumia sana mwalimu. Siku hiyo jioni Mama alisema lazima Karani amweleze mzee ukweli kabla ya Jumapili, Karani akasema jambo la namna hiyo linafaa kuelezwa na mwanamke, na Simfukwe akasema yeye Kiswahili chake kimeharibika huko migodini. Tukaenda kulala hakuna aliyemweleza.

Asubuhi chuma kilichotumika kama kengele ya kanisa kiligongwa. Mama na mimi tulitoka tumevaa nguo zetu nyeupe, na tulipofika barabarani tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa majuma mengi. Mzee Siwale alikuwa barazani, miguu ikikanyaga cherehani kwa nguvu mpya, anashona suruali. Alikuwa amepata kazi! Watu walikuwa wanapita mbele yake na vitabu vya nyimbo mikononi, midomo wazi, na yeye akiwasalimu mmoja mmoja. "Naona mmependeza. Na hicho chuma kinachogongwa, amekufa nani?"

Hapo akafika mwinjilisti mwenyewe. Alisimama, akamtazama mzee wake wa kanisa akishona mchana kweupe siku ya Bwana. Suruali ile ilikuwa yake.

"Utaipata leo leo, Mwinjilisti," Mzee Siwale akamwambia kwa furaha, "kesho uivae kanisani."

Nilimwachia Mama mkono. "Babu, leo ndiyo Jumapili," nikasema. "Tulikudanganya ili ule nyama."

Cherehani ilisimama. Mzee Siwale alinitazama, kisha akawatazama Karani na Simfukwe waliokuwa wamejificha nyuma ya akina mama. Akakunja suruali, akafunika cherehani, akaenda kanisani na nguo zake za kazi, akaketi benchi la nyuma kabisa.

Baada ya ibada wazee walikutana kumjadili. Mama, Karani na Simfukwe walisimama wakakiri, nami nikakiri, pamoja na ule uongo wa shangazi wa mwalimu. Mwinjilisti aliuliza nyama yenyewe ilikuwa kiasi gani. Mama akajibu vipande vinne, vidogo. Nakumbuka mzee mmoja alianza kucheka, akajifanya anakohoa, na kikohozi kikaenea benchi zima. Mzee Siwale hakupewa adhabu yoyote. Sisi wanne tulipewa kufagia kanisa majuma manne, na Simfukwe alifagia akiwa na kofia mpaka akakatazwa.

Lakini mzee alitukasirikia. Jumatatu hakuja. Jumanne na Jumatano hakuja. Siku ya zamu ya Karani nyama ilirudi jikoni nusu. Mama aliungua mkono kwa kutazama mlango badala ya sufuria.

Alhamisi akaingia, akaketi mahali pake. "Leo Alhamisi," akasema. "Nimeuliza watu wanne, na nimekwenda kutazama kalenda ya forodha." Mama akamletea nyama. Akachukua kijiko, akaweka kipande kimoja kwenye ugali wa Karani, kimoja kwa Simfukwe, kimoja kwake. Cha nne akainuka nacho mpaka mlango wa jikoni, akampa Mama. Mama alikataa, akasema yeye ni mwenye hoteli. Mzee akamwambia, "Mama Rebeka, mwaka mzima unapika nyama hii. Hebu tuambie kama imeiva." Mama alikula amesimama, ametupa mgongo. Tangu siku hiyo zamu zilikwisha. Kila siku kila mtu alipata kipande chake kimoja, na vilikuwa vidogo kweli.

Tunduma ya leo ina hoteli nyingi, malori yamepanga foleni mpaka huwezi kuvuka barabara, na nyama inakatwa kwa shoka tangu alfajiri. Bei ikipanda, watu hawagombani tena wala hawatungi mipango. Mtu anaacha tu kuja, na hakuna anayeuliza yuko wapi. Wajukuu wangu hunipeleka kula siku za sikukuu, kila mmoja na sahani yake imejaa, ameinamia chakula chake. Safari iliyopita kwenye meza ya jirani alikaa mwanamume mwenye koti lililochakaa, na mbele yake glasi ya maji. Nilimwita binti mhudumu, nikamwambia ampelekee sahani, na akiuliza imetoka kwa nani, amwambie hoteli hii kila siku kama hii inampa mgeni mmoja chakula cha bure.

"Siku gani, Bibi?" yule binti akaniuliza.

Nikamwambia aseme yoyote.