Kilio Nilichokichukua Msowero

Ukinikuta Mikumi natengeneza muvi utadhani tuko kumi. Hadithi naandika mimi, kamera nashika mimi, waigizaji nawaelekeza mimi, sauti nanasa, picha nakata, na muziki napiga mwenyewe kwa kinanda changu kidogo. Kwenye muvi ninayotaka kuisimulia nilicheza hata nafasi ya daktari, maana aliyepangiwa alikwenda kuvuna mpunga. Watu wa kwetu Kilosa walikuwa wananisifu, jamaa huyu kichwa, anafanya kila kitu peke yake, na mimi navimba. Siku hizi nikisikia sifa hiyo natamani ardhi inimeze.

Muvi ilihusu mama ambaye mwanawe anagongwa na lori kwenye barabara kuu pale Mikumi. Mama huyo alichezwa na dada mmoja muuza chapati, mcheshi, kamera inampenda, ila kulia hajui kabisa. Tulimpaka kitunguu, machozi yakatoka, sauti ikagoma. Akilia unadhani anapiga chafya. Tulirudia na kurudia mpaka wapita njia wakaanza kumwigiza. Nikamwambia basi dada, wewe fungua tu mdomo, sauti nitaitafuta.

Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka Msowero. Binti wa shangazi yangu, yaani dada yake baba, amefariki. Aliugua siku tatu tu. Tulikuwa tunalingana umri. Likizo za shule nilikuwa nakwenda kwao, na yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Nilikwenda msibani na kinasa sauti mfukoni. Mke wangu aliponiuliza baadaye nilimwambia nilisahau kukizima, eti njiani nilikuwa narekodi ndege. Uongo mtupu. Jeneza lilipotolewa mlangoni shangazi akaachia kilio, nami nikaingiza mkono mfukoni nikabonyeza. Nilikuwa nalia kweli, machozi yananitoka, na kidole kinabonyeza.

Niliporudi Mikumi nilikaa na sauti ile siku mbili. Shangazi alikuwa analia kwa Kikaguru, na katikati anamwita mwanawe kwa jina. Nikalikata lile jina. Lilikuwa fupi, ukilitoa na kuunganisha huku na huku hakuna anayegundua. Halafu nikatafuta kwenye kinanda kilio kinatua wapi, nikakuta kinatua kwenye kitufe cheusi, kile cha pili kutoka katikati, nikaanzia muziki hapo. Mnasa sauti kaleta, mkata picha kakata, mpiga kinanda kapamba, mwelekezaji kasema safi sana. Hapakuwa na hata mtu mmoja wa kuniuliza, wewe, una akili kweli? Wote nilikuwa mimi.

Hilo la jina ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ningekuwa sijui ninachofanya, ningeliacha.

Muvi ilipendwa. Kwenye banda la video karibu na soko la Kilosa kina mama walijifuta machozi kwa kanga, na dada wa chapati akawa anasimamishwa njiani kupigwa picha. Mimi napokea pongezi tu. Watu wakarushiana kwenye simu mpaka ikafika Msowero, na mimi nilikuwa sijawaza hilo, kana kwamba Msowero hakuna simu.

Shangazi akanipigia asubuhi moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Aliuliza watoto, akauliza mvua. Kisha akasema, "Yule mama kwenye picha yako, yule anayefiwa. Sauti ile ni ya nani?"

"Ya kwake mwenyewe, shangazi."

Nikawa nasikia kuku wa uani kwake.

"Haya mwanangu. Msalimie kaka yangu."

Hakuniuliza tena. Muvi niliifuta kwangu, lakini iliyo kwenye simu za watu utaifutaje? Mara tatu nilifunga safari kwenda kumwomba radhi. Mara tatu nilikunywa chai yake, nikasifia mahindi yake, nikafungiwa mengine kwenye mfuko, nikarudi nayo Mikumi. Mtu mzima mimi, mdomo wa kuelekeza watu ninao, na neno moja la samahani lilinishinda.

Mwaka huu baba yangu akafariki, nyumbani Kilosa. Nilifika kabla ya shangazi. Ndani kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka wanamsubiri yeye, kwa sababu dada wa marehemu akifika ndipo kilio kinapoanza upya. Aliposhuka kwenye bodaboda hakwenda kwa kina mama. Alikuja moja kwa moja chini ya turubai la wanaume, mpaka nilipokaa. Nikasimama, nikamwamkia, akaitikia. Macho yake yalikuwa makavu. Nikadhani amekuja kunipa pole.

Akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu yako, mwanangu."

Alisema taratibu, bila hasira, mbele ya ndugu wote. Nikampa.

"Na kile kingine?"

"Kinasa sauti nimekiacha Mikumi, shangazi."

Nilikuwa nasema kweli, na hakuwa na sababu yoyote ya kuniamini. Aliifunga simu kwenye pindo la kanga, akakaza fundo, akageuka na kuingia ndani.

Ndipo akalia. Kaka yake kafa, baba yangu kafa, na mimi nimesimama pale mikono mitupu. Chozi langu la kwanza lilikuwa halijadondoka, na nilikuwa nimeshasikia kwamba kilio chake kinatua kwenye kitufe kilekile cheusi.