Bwana Harusi Yuko Kazini

Nakumbuka siku moja nilitoka kanisani peke yangu, shela kichwani na shada la maua mkononi, na siku hiyo ndiyo niliyoolewa. Usicheke, mwanangu. Au cheka kidogo, maana hata mimi siku hizi hucheka, ingawa kucheka kwenyewe kunanichosha kifua.

Mume wangu, Elia, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu pale Tanga mjini, enzi za Mwingereza. Kinanda chenyewe si hiki chenu cha kuchomeka kwenye umeme. Kilikuwa cha filimbi, kililetwa na Wajerumani zamani, na filimbi zake zilisimama ukutani kwa safu, ndefu kuliko zote ikimpita mtu mzima kwa kimo, na fupi kuliko zote haikuzidi penseli. Nyuma yake kulikuwa na mvukuto mkubwa wa ngozi na mbao, kama wa mhunzi, na mtu aitwaye Petro, kuli wa bandarini, aliupandisha na kuushusha kwa mpini mrefu ili upepo usikatike. Elia alikaa mbele, mikono juu ya vibao, miguu ikicheza juu ya vibao vingine vya chini, akiwapa mgongo watu wote. Mbele yake alitundika kioo kidogo, kwa hicho akimwona mchungaji akiinuka na akikaa.

Hakuna mwingine aliyeweza kukipiga. Alifunzwa na mmisionari huko kwao Usambara, na aliposhuka Tanga kuwa karani wa reli, kanisa lilimpokea kwa mikono miwili na halikumwachia tena. Basi siku ya harusi yetu bwana harusi alikuwa yeye, na mpiga kinanda alikuwa yeye. Alinipigia wimbo wa kuingia, akainuka, akafuta mikono kwa leso, akaja kusimama kando yangu. Tukaapa. Kisha akaninong'oneza, "Tangulia, nakuja," akarudi kwenye kinanda kupiga wimbo wa kutokea. Nami nikatoka na shada langu, ubavuni hewa tupu. Shangazi zangu waliokuja na lori kutoka mashamba ya mkonge ya Kigombe wakapiga vigelegele kwa kusitasita. Nje nilimsikia mtu akiuliza, "Bwana harusi yu wapi?" Na mwingine akamjibu, "Yuko kazini."

Mimi nilitabasamu. Ndivyo nilivyofundwa. Shangazi yangu mkubwa aliniambia usiku wa kuamkia harusi kwamba mdomo wa mke mwema una komeo, na subira huvuta heri. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Yaliyofuata huenda unayajua, maana yako katika nyumba nyingi, hata zisizo na kinanda. Mume wangu alishinda kwenye ghala la mizigo ya reli, jioni akawafundisha wanakwaya. Jumamosi harusi za watu. Jumapili ibada ya asubuhi na ya pili yake, halafu lori la shamba humchukua kwenda kuwapigia vibarua wa mkonge kinanda kidogo cha kukunja, njia ya Muheza, anarudi vumbi jekundu limemjaa nyusi. Na misiba, mwanangu, misiba haina ratiba. Masika yakiingia, mbao za kinanda zikivimba kwa unyevu wa pwani, alikwenda alfajiri kabla ya kazi kuvilegeza vibao vilivyokwama. Alikuwa akifika nyumbani anakaa kitini na viatu vyake, mgongo umepinda, vidole vikiendelea kugongagonga paja lake. Nikimwuliza kitu hujibu, "Eeh." Nikimwuliza kingine hujibu, "Eeh."

Sikumwambia neno. Nilimwekea chakula, nikamwondolea chakula. Nilipata mimba, nikajifungua Naomi, binti yetu wa kwanza, na bado sikusema. Nilijiita mwenye subira. Kumbe kila nilipofua shati lake nilikuwa nalisugua kama nina kesi nalo.

Naomi alipokaribia kubatizwa, mvukuto ukapasuka. Elia hakuweza kuondoka kazini, akanituma nikamfungulie kanisa fundi wake. Fundi huyo alikuwa Mzee Bakari wa Ngamiani, Mwislamu mcha Mungu na mwamba ngoma maarufu, kwa kuwa Tanga nzima hakukuwa na aliyejua ngozi kuliko yeye. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia si lazima.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Waonaje hali?"

"Salama tu."

Akainama nyuma ya kinanda na ngozi yake ya mbuzi na kopo la gundi, akapapasa mahali palipochanika. Mimi nikakaa chini na Naomi mgongoni. Nikamwambia bila shaka ni panya.

"Si panya," akasema. "Panya hutafuna. Hapa pamepasuka. Huyu bwana wa nyuma ajaza upepo, ajaza, na huyu wa mbele hajabonyeza kitu. Upepo ungepita kwenye filimbi ungekuwa wimbo. Umekosa pa kutokea, umetokea kwenye ngozi."

Sijui ni nini kilinishika. Labda ni ule uchovu wa mtu asiyelala kwa ajili ya mtoto. Nikaanza kulia, na katika kulia nikamwambia mzee wa watu, mtu baki kabisa, yale yote. Nikasema mume wangu ameoa kinanda, mimi nimekuja kama msindikizaji. Nikasema Jumapili ijayo nitasimama mbele na mtoto peke yangu kama nilivyotoka peke yangu siku ya harusi, na baba yake atatuona kwenye kioo.

Nilitarajia anihurumie. Mzee Bakari akaendelea kupaka gundi, kisha akaniuliza, "Na yeye umemwambia?"

"Anapaswa kuona mwenyewe, mzee."

Hapo ndipo alipogeuka, na uso wake haukuwa na mchezo. "Aone kwa jicho gani? Mumeo kazi yake ni kutazama ukuta. Wewe wamtabasamia, wampa wali, wanyamaza, halafu wamhukumu! Mwanangu, huko si kusubiri. Huko ni kumwonea. Mficha maradhi kilio humfichua. Leo umenililia mimi, kesho utamlilia nani? Kutwa yote watu watasema mke wa fulani ana subira, kumbe ana kinyongo."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Ningeweza kumjibu, ulimi nilikuwa nao, lakini ukweli ukikukuta umekaa chini huna pa kukimbilia. Nilimsaidia kushikilia ngozi mpaka ikakauka, akaenda zake kuswali alasiri.

Jioni hiyo Elia alikuwa ananawa miguu uani. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Baba Naomi, nimechoka."

"Hata mimi nimechoka," akajibu bila kuinua kichwa.

"Najua. Uchovu wako mtaa mzima unausikia. Wangu hujausikia hata mara moja." Nikamwambia ya harusi. Nikamwambia, "Jumapili nataka umshike mtoto wewe. Usipomshika, sitakwenda naye mbele."

Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Mbona siku ile ulitoka ukitabasamu?" akauliza. "Miaka yote hii nilidhani uliridhika. Nilikuona kwenye kioo ulipogeuka mlangoni ukitabasamu, nikasema Mungu amenipa mke anayeielewa kazi yangu."

Kisha akakasirika kidogo, kama wanaume wanavyokasirika wakiona haya. "Na nani atapiga?"

"Asipige mtu. Watu wana makoo."

"Kanisa liimbe kama watu waliopotea porini!"

"Waimbe hivyo hivyo."

Alilala amenipa mgongo, nami nikakesha nikijua kwamba kama Jumapili ataelekea kwenye kinanda, kuna kitu ndani yangu kitafungwa na hakitafunguliwa tena.

Jumapili ikafika. Tukaingia, na Elia akakaa benchi moja nami. Watu wakageuza shingo. Mchungaji akataja wimbo wa ubatizo, na kanisa zima likangoja kinanda. Bahati mbaya hakuna aliyekumbuka kumwambia Petro. Huko nyuma akaanza kuvukuta kwa nguvu zake zote, kinanda kikawa kinahema tu kama ng'ombe mgonjwa, hadi mzee wa kanisa akaenda kumshika mkono. Ndipo bibi mmoja wa kwaya akauanzisha wimbo, akaushika juu mno, wanaume wakakatika katikati, akauanzisha tena chini mno, wanawake wakawa wananguruma. Ubeti wa pili wakapatana, si haba.

Elia alisimama mbele na Naomi mikononi. Nilimwona akiuma midomo kila walipokosea. Vidole vyake vilikuwa vinapiga wimbo wote mgongoni mwa mtoto, taratibu, wala havikuruka hata noti moja. Maji yalipomwagwa, Naomi akalia, na baba yake akalia pamoja naye mbele za watu.

Tulipotoka nje akaniambia, "Wameimba vibaya."

Nikamwambia, "Lakini wamebatiza vizuri."

Sitakudanganya kwamba uchovu uliisha. Alipiga kinanda kile miaka mingi baadaye na mgongo haukunyooka tena. Ila alimfundisha mshonaji mmoja wa mtaani kwetu, huyo akawa anampokea zamu, na Jumapili nyingine tulikaa benchi moja tukisinzia wawili. Na akirudi nyumbani amechoka tulikuwa tunaambiana, yeye wake, mimi wangu, kisha tunakula. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na ndoa yetu haikufa kwa kuwa mmoja alikiri kwamba imemwelemea.

Basi sikiliza, mwanangu, nisije nikasinzia kabla sijamaliza. Wazee wetu hawakukosea waliposema subira huvuta heri, ila wengi huishika nusu. Subira ni kungoja kitu ulichokwisha kukiomba. Ukingoja ambacho hukukiomba, hiyo ni kununa tu, hata ukinuna huku unatabasamu. Umechoka, sema umechoka, mwambie anayehusika, mapema, kwa upole, kabla uchovu haujawa chuki. Mficha uchi hazai. Na wewe unayetumikia watu hadi mgongo ukapinda, kumbuka kumgeukia aliye nyumbani na kumwuliza, kwa sababu wengine tulifundwa kunyamaza na hatutasema mpaka tuulizwe mara mbili.

Mungu akupe kazi unayoipenda. Akupe mtu wa kumwambia "nimechoka" bila kuogopa, na mtu huyo akikuambia neno hilohilo, Mungu akujalie uwe umegeuka unamtazama usoni.