Santuri Iliyokwama

Kila Jumamosi, kabla ya kufungua duka, muuza santuri aliupitia mtaa wake mzima kwa miguu, polepole, mikono nyuma. Alipita duka la viatu vya mitumba, akapita kibanda cha mchora tatuu, akapita baa ambazo asubuhi hunuka bia ya jana na sabuni ya leo. Kwenye kona, mpiga ngoma alikuwa akitwanga kwa nguvu zote, jasho likimtiririka. Mzee aliona mikono ikipanda na kushuka tu. Ulikuwa mtaa wa makelele kuliko yote mjini, na yeye alikuwa na miaka miwili hausikii.

Hakumwambia mtu. Kiburi, tuseme ukweli. Mtaani walimwita Daktari, kwa sababu zamani aliweza kukwambia santuri inaumwa wapi hata kabla wimbo haujaanza. Mtu mwenye jina kama hilo anaanzaje kusema masikio yamekufa? Akajitia hamnazo. Alijifunza kusoma midomo, na nyimbo alizijua zote kwa moyo.

Tena alikuwa ameshajifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Mkewe alipofariki, binti yake, muuguzi, alimtengea chumba kwake, mbali na mtaa huo, akambembeleza ahamie. Mzee akamjibu kwamba siku atakayoshindwa kuitambua santuri mbovu, atamkabidhi funguo za duka bila kusukumwa. Binti akawa anaingojea siku hiyo.

Jumamosi moja binti alimkuta baba yake dukani na mteja wake wa siku nyingi, msichana wa nywele za kijani na viatu vya kijeshi. Desturi ya duka ilikuwa moja: santuri haitoki mlangoni mpaka wimbo wa kwanza uchezwe wote, mnunuzi akisikia. Mzee akaweka sindano, akachukua kikombe cha chai kwa mikono miwili, akafumba macho na kuanza kutikisa kichwa.

Sindano ilikwama kwenye mstari wa tatu. Neno moja likawa linajirudia, linajirudia, linakera. Msichana akaangalia sakafu. Binti alisubiri baba yake ashtuke, hakushtuka. Mwishowe binti alinyoosha mkono, akaiinua sindano mwenyewe, duka likawa kimya.

Mzee aliendelea kutikisa kichwa. Alitabasamu pale mwimbaji wa kike anapoingia, kisha akainua kidole, kama alivyofanya miaka yote, kumwonyesha mteja kwamba tarumbeta ndilo hilo linakuja. Kidole kikabaki hewani. Alipofumbua macho aliiona sindano imelala pembeni, na binti yake ameziba mdomo kwa kiganja.

"Imezimwa saa ngapi?" aliuliza.

"Muda, baba," binti alisema, akiondoa kiganja mdomoni. "Ilikwama mwanzoni kabisa."

Uso ulimshuka. Akamgeukia msichana, akamwomba radhi, akasema katika umri wake wote ni hii moja tu iliyompita. Msichana akasogea mbele yake, akamtazama usoni na kusema neno mojamoja, na hapo ndipo mzee alipotambua kwamba siku hizi mtaa mzima huzungumza naye hivyo: mchora tatuu, wauza viatu, hata walevi.

"Si hii tu, babu. Zile za mwaka jana pia zinakwama. Za wenzangu pia."

"Sasa mbona mnanunua?"

"Ukifunga duka utaenda wapi?"

Miaka miwili alidhani anawachezea shere watu wote hao, kumbe wao ndio waliokuwa wakimbeba, wakirudi nyumbani na mbovu zake, wakifunga midomo ili asiumie. Hilo lilimuuma kuliko ukiziwi wenyewe. Alimpokonya msichana jalada la santuri alilolishika, akasema haiuzwi. Kisha akatoa funguo mfukoni na kumpa binti yake.

Binti alirudisha mikono nyuma. Funguo alizozitamani miaka yote, leo hakuzitaka. Mzee akamshika mkono, akaziweka kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja. Binti akasema kitu huku ameinamisha kichwa, machozi yakimdondoka. Mzee hakukisikia, na safari hii hakujifanya amesikia.