Nilimcheka fundi kwa sababu ya hita

Jamani, leo nimeomba msamaha, nikapewa spana nishike.

Wiki tatu gari langu la dizeli limekuwa likigoma asubuhi, mandazi ya wateja wa Nakawa yakipoa ndani. Majirani zangu hapa Kisugu walilisukuma kila siku bila kununa.

Fundi Musa aliniambia siku ya kwanza, kwa adabu ya Kiganda: "Nyabo, hita yako imekufa."

Nikacheka. Hita ya nini Kampala hii? Nani anaota moto garini? Nikanunua betri mpya.

Wapi!

Leo Musa kaja bila kuitwa. Akafungua hita nne, vijiti vya kupasha injini moto kabla haijawaka. (Kumbe ndizo hizo!) Akaziunganisha moja moja na betri. Moja ikawa nyekundu kama mkaa. Tatu zikabaki nyeusi tii.

"Nisamehe, Musa."

"Si kitu, nyabo. Nishikie spana."

Akafunga mpya. Majirani wakatoka wamekunja mikono ya mashati, tayari kusukuma. Nikawasha mara moja tu. Likaunguruma!

Asante, Musa. Asanteni, majirani. Mliowahi kumcheka fundi, jitokezeni hapa chini.

Jirani yangu Mzee Juma bado alikuwa amesimama nyuma ya gari.

"Sasa asubuhi tutakuwa tunakutana wapi?"