Goti la Polepole

Harufu ya pumba za mpunga ndiyo iliyokuwa ikitupokea uwanjani. Nyuma ya goli la upande wa mto kulikuwa na kinu cha kukobolea mpunga, na wakati wa kiangazi, upepo ulipogeuka alasiri, pumba zilipeperuka na kututua vichwani, zikaingia ndani ya nguo na kutuwasha shingo mpaka jioni. Hata leo nikipita mahali wanapokoboa mpunga hapa Kindu, masikio yangu hungoja kelele za watu. Uwanja wenyewe ulikuwa udongo mwekundu uliopigwa na jua ukawa mgumu kama sakafu, na milingoti ya magoli ilikuwa ya mianzi. Upande mmoja Wazungu walikaa kwenye viti chini ya paa la mabati, wake zao wakijipepea kwa kofia. Upande wa pili tulisimama sisi watu wa sité, yaani mitaa ya Weusi, watoto mbele, wakubwa nyuma, na kina mama waliobeba wachanga mgongoni wakitafuta upenyo kati ya mabega ya wanaume. Wote tulikuwa tumekuja kumtazama mtu mmoja.

Jina lake hasa lilikuwa Asumani. Alitoka Punia, kule msituni, akaja mjini kutafuta kazi, akapata ya kubeba magunia bandarini. Jumapili alichezea timu ya mtaa wetu wa Mikelenge, na watu walimwita Polepole, kwa sababu uwanjani hakuonekana kuwa na haraka na jambo lolote. Alitembea huku ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeangusha sindano na anaitafuta kwenye nyasi. Mabeki walimchunga mwanzoni, kisha wakachoka kumchunga mtu anayetembea, wakamsahau. Hapo ndipo mpira ulipomfikia. Aligeuka juu ya mguu wake wa kulia kama mlango juu ya bawaba, na kabla hatujajua amegeukia wapi, mlinda mlango alikuwa akiutazama mpira uliokwisha kupita.

Mtaa mzima ulimpenda mtu huyo kama mtoto wa kila nyumba. Wavulana walioenda kuchota maji walitembea kama yeye, vichwa chini, mpaka mama zao wakawafokea kwa kuchelewa. Vijana walimwomba kinyozi awanyoe "kama Polepole", ingawa Polepole alinyoa kipara tu kama mtu mwingine yeyote. Mama Feza, jirani yetu aliyeuza mikate ya mchele, alimtengea mikate ya kwanza iliyotoka kwenye moto, na mteja aliyeinyooshea mkono aliambiwa hiyo ina mwenyewe. Hata imamu wetu, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja, baada ya sala ya magharibi ya Jumapili alikuwa akivaa viatu taratibu sana mlangoni mwa msikiti, kisha anauliza bila kumtazama mtu, "Amefunga?" Akijibiwa ndiyo, alisema alhamdulillahi na kwenda zake.

Shida ilikuwa nyumbani kwetu. Baba yangu alifanya kazi katika karakana ya reli, na timu ya watu wa reli ilikuwa ndiyo mpinzani mkubwa wa Mikelenge. Baba ndiye aliyekuwa mlinda mlango wao. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyopinda kwa sababu ya mipira na nyundo. Tuliishi katikati ya Mikelenge, tukila chumvi ya majirani wa Mikelenge, na kila Jumapili asubuhi Baba alipita mbele ya nyumba zao na jezi yake ya reli begani. Walimtania kwa heshima. "Baba Zaina," aliita Mama Feza, kwa kuwa mimi, Zaina, ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza, "leo umuache kijana wetu apite."

"Mulango iko wazi kwa kila muntu anajua kubisha," Baba alijibu, naye akaendelea kutembea.

Mama alikuwa upande wa Polepole na hakuficha. Jioni moja, akipepeta mchele, alimuuliza Baba kwa kucheka kama anamwogopa kijana yule. Baba alifikiri kwanza, kama kawaida yake. "Ninyi wote munamuona kwa mugongo," alisema. "Kule munasimama, munaona mugongo na miguu. Miye tu njo namuona kwa uso. Akikaribia kupiga, anacheka kidogo, kama mutoto aliyeona mama yake anarudi sokoni. Ukishaona kile kicheko, umechelewa." Alisema hivyo kwa sauti niliyokuwa nimeizoea anapomsifu fundi aliyemfundisha kazi. Mama aliacha kupepeta na kumtazama. Nami nilielewa, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba katika Mikelenge yote hakuna aliyempenda Polepole kuliko mtu aliyepewa kazi ya kumzuia.

Katikati ya kiangazi kimoja timu hizo mbili zilikutana kugombea kombe. Nilisimama nyuma ya goli la Baba, mahali pangu pa siku zote, pumba zikinidondokea. Watu wa reli walifunga mapema, na tangu hapo Mikelenge walishambulia bila kupumzika, huku upande wetu wote wa uwanja ukiimba jina la Polepole. Mchezo ulipokaribia kwisha, mpira ulidunda peke yake mbele ya goli. Polepole aliukimbilia. Baba naye aliutokea, na kwa kuwa alijua amechelewa, alijitupa kichwa mbele, mikono imenyooshwa chini. Mguu wa Polepole ulikuwa tayari hewani. Nilifumba macho, nikayafumbua haraka kwa hofu ya kutokuona. Mguu ule ulikuwa umepita juu ya kichwa cha Baba. Polepole alikuwa ameuinua, akajipinda mwili mzima, akaangukia goti lake la kulia, na ardhi ile haikuwa na huruma. Baba alilala na mpira kifuani. Polepole hakuinuka.

Reli walichukua kombe, na Mikelenge wakachukua hasira. Waliosimama mbali waliona watu wawili wakigongana na mmoja akibebwa, na mpaka jua linazama mtaa ulikuwa umeshakubaliana kwamba Baba Zaina amemvunja Polepole ili kombe lisitoke reli. Asubuhi Mama alisalimia majirani kisimani, nao wakajibu wakiitazama ndoo. Mama Feza alinigeuzia mgongo nilipotumwa mikate. Watoto niliocheza nao walikusanyika pembeni na hawakuniita. Nililia, na Mama akaniambia nilie ndani ya nyumba, sio uani.

Baba hakujitetea kwa mtu. Alikwenda hospitali ya Weusi, akaambiwa goti limefungwa na mgonjwa amerudishwa anakolala. Akaenda kwenye kambi ya wapagazi karibu na bandari, akamkuta Polepole juu ya mkeka katika chumba cha wanaume wengi, ambao wote walikuwa kazini, bila mtu wa kumpa maji. Kazi yake ilikuwa imeshapewa mwingine, na yeye Kindu hakuwa na ndugu. Baba aliazima baiskeli. Mchana ule, jua likiwa utosini, tulimwona akija katika barabara kuu ya Mikelenge akiisukuma ile baiskeli taratibu, Polepole amekaa nyuma, mguu wake umefungwa kwenye vibao viwili na kunyooshwa mbele, mkono wake mmoja begani kwa Baba. Watu walitoka milangoni. Mama alitandika mkeka barazani, akaongeza mchele chunguni.

Kuanzia siku ile aliyetaka kumwona Polepole ilimbidi abishe hodi kwa mtu aliyemnunia. Siku mbili tatu walizunguka tu, wakapita na kurudi kama watu waliopotea njia. Wa kwanza kushindwa alikuwa Mama Feza. Alisimama uani kwetu na kikapu cha mikate kichwani, akamsalimia mgonjwa na kujifanya haoni kama Baba ameketi pale pale.

"Mama," Polepole alimwambia, "umusalimie mwenye nyumba kwanza."

"Ule alikuvunja, mutoto wangu."

"Hakunivunja. Aliweka kichwa pahali miye nilikuwa naweka mguu. Niliona kichwa, nikaona na Zaina nyuma ya goli. Nikachagua. Kuchagua kulikuwa kwangu, Mama, si kwake."

Mama Feza alishusha kikapu. Alifuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akasema, "Hujambo, Baba Zaina," na Baba akajibu kama vile walikuwa wamesalimiana kila siku. Jioni ile ile mtaa mzima ulijua. Kesho yake baraza letu lilijaa, na Mama alilalamika kwa furaha kwamba hapati hata mahali pa kuanika mpunga.

Kila asubuhi, kabla king'ora cha reli hakijalia, Baba alipasha mawese moto kidogo, akakaa mbele ya Polepole na kulichua goti lile kwa vidole vyake vilivyopinda. Polepole alianza kumwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama tunavyosema kwetu. Walibishana kuhusu mechi za zamani, huyu akisema ule ulikuwa mkono wa kushoto, yule akisema hapana, kulia, na Baba, mtu ambaye siku nyingine hakusema maneno yanayojaza kikombe, alicheka mpaka mafuta yakamwagika. Mimi nilikaa kati yao nikishika bakuli. Polepole alinifundisha kupiga mpira wa majani ya ndizi kwa upande wa ndani wa mguu, ingawa Mama alisema si kazi ya msichana. Polepole alisema pia hajapata kuona nyumba yenye kelele nzuri namna hii.

Mvua zilipoanza alikuwa anatembea. Timu zikakutana tena, mechi ya kawaida isiyo na kombe, lakini watu walivuka hata kutoka Alunguli kwa mitumbwi ili wamwone amerudi. Alipoingia uwanjani waliimba mpaka Wazungu wakasimama kwenye viti vyao kutazama kuna nini. Alitembea kama zamani, kichwa chini, na kwa muda mrefu tuliweza kujidanganya. Lakini mpira ulipomjia na akataka kugeuka, goti lilikataa, na beki aliuchukua bila jasho. Ikawa hivyo tena na tena. Nyimbo hazikupungua, ila zilibadilika, zikawa kama za kumbembeleza mtoto.

Halafu karibu na mwisho wenzake walimsukumia mpira mahali ambapo hapakuhitaji kugeuka, mbele ya Baba, hakuna mtu kati yao. Nilikuwa nyuma ya goli, na kwa mara ya kwanza niliona kile Baba alichokuwa akikiona. Polepole alicheka kidogo. Akapiga. Ulikuwa mpira wa wastani, hata mimi nilijua. Upande wote wa Mikelenge ulivuta pumzi na kungoja, kwa sababu Baba alihitaji tu kuchelewa kidogo, na hakuna mtu duniani angemlaumu. Baba aliruka kwa mwili wake wote, kama aliyerushiwa moto, akaudaka, akaanguka nao kwenye tope.

Polepole alichechemea mpaka golini, akampa Baba mkono, akamwinua. Walisimama hivyo, wameshikana, matope yakiwatiririka. Kisha Polepole alitoka uwanjani kabla ya filimbi, akipita mbele ya watu wake, nao wakaanza tena kuimba na kumsindikiza kwa wimbo mpaka alipopotelea nyuma ya kinu.

Nyumbani Mama hakumngojea Baba avue jezi. Alimuuliza kwa nini hakumwachia kijana wa watu mpira mmoja tu, baada ya yote. Baba aliketi na kuosha miguu. "Kumuachia?" alisema. "Muntu unamuachia mupira kama amekufa. Ningekuwa namuzika mbele ya watu wote, naye anaona."

Hapo hodi ikapigwa, Polepole akaingia kula kama kila siku. Alinawa mikono, akaketi, akamega tonge, akalishika bila kulitia mdomoni. "Yaya," aliuliza, "ule mupira ulikuwa muzuri?"

"Uliniumiza vidole," Baba akasema, akamwonyesha mkono wake.

Polepole aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, kisha akala. Kama Baba alisema kweli au la, mimi sikujua, na vidole vile havikuweza kutoa ushahidi, maana vilikuwa vimepinda tangu zamani.

Hakucheza tena. Kabla mvua hazijaharibu njia alipanda lori la kurudi Punia, na Mikelenge yote ilimsindikiza, imamu naye akiwa mbele. Miaka ile ya mwisho ya Wazungu madereva walituletea salamu zake: analima, ana mke, anafundisha watoto mpira. Baba alilinda mlango misimu michache zaidi, akaacha, akisema hakuna tena uso anaoungoja.

Leo uwanja ule wote umejengwa nyumba, na mjukuu wangu anampenda mfungaji wa Ulaya ambaye hajawahi kuona mto wetu. Anajua kila kitu chake: kiatu, gari, jina la mbwa wake. Wakikusanyika kwenye ukumbi wenye televisheni na jenereta, wanapiga kelele kama tulizopiga sisi, na siwacheki, kwa kuwa mapenzi yao ni ya kweli. Ila mtu wao akiumia goti, wao hulala usingizi wao, naye hulala wake, mbali. Juzi mjukuu huyo aliniuliza Polepole alifunga magoli mangapi. Nilimwambia sijui, hakuna aliyehesabu. Akaniuliza basi najua nini. Nikamwambia najua kwamba alipenda ukoko wa wali, ule mgumu wa chini kabisa ya chungu, na kwamba katika nyumba yetu ukoko ulikuwa haki yangu mimi, na kwa muda wote aliolala barazani kwetu nilimpelekea kwa mikono yangu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.