Tulivyochinja mbuzi Garsen kujua kama watu wa angani watarudi kwenye TV

Wakuu, sogeeni. Mlio nyuma njooni mbele, mlio mbele kaeni chini wenzenu waone.

Nimepita kwenye uzi wa vijana wa hapa, wiki nzima wanabishana show zinazokuja za angani na za mazimwi, ipi itapewa season nyingine, ipi itakatwa. Wanaleta chati, wanatukaniana wazazi. Nikasema hawa hawajui kazi. Sisi Garsen jambo kama hilo tulilimaliza na mbuzi mmoja.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Nikiongeza nitaongeza kidogo tu, na pale penye haja.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Mwaka uliofuata yale maji makubwa, yaliyokata barabara mpaka kambare wakawa wanaingia dukani bila kubisha hodi.

Mama Zuhura, mwanamke wa Kipini, alikuwa na hoteli ya chai pale Garsen. Mkwewe akamletea TV kutoka Mombasa. Ndogo, black and white, inawashwa kwa betri ya lori. Aerial tuliifunga juu ya mlingoti mrefu, kunguru akipanda kijana anashuka mzee.

Picha ilikuwa chenga tupu. Mtu na mti huwezi kutofautisha mpaka mmoja atembee.

Kila Jumamosi saa kumi kulikuwa na series ya Kizungu. Watu wako ndani ya chombo cha chuma, wanazunguka kati ya nyota, hawafiki. Kuna kapteni. Kuna mwanamke mwenye pembe mbili ndogo. Kuna mtu wa chuma anayeongea kwa pua.

Mimi ndiye nilikuwa mtafsiri.

Sasa shule mimi nilikaa muhula mmoja, na nusu ya huo muhula nilikuwa nje nafukuza nyani kwenye shamba la mwalimu. Lakini nilikuwa nimefanya utaniboi wa lori miaka miwili, nikatoka na "yes", "reverse" na "no problem". Garsen nzima waliamini Kizungu kimenijaa mpaka kinamwagika.

Malipo yangu: chai, mahamri mawili, kiti cha mbele, na kuitwa mwalimu. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba magunia. Ukiniuliza kama nilitaka kurudi kwenye magunia, shingo yangu mpaka leo inajibu hapana.

Msidhani ilikuwa kazi rahisi.

Kushoto walikaa Waorma, wafugaji, kila mtu na fimbo yake. Kulia Wapokomo, wakulima wa mtoni, kila mtu na panga lake la shamba. Wote wananiangalia mdomo.

Waorma wakiwa wengi, kapteni alikuwa amepotelewa na ng'ombe mia tatu, anawatafuta nyota kwa nyota. Wapokomo wakiwa wengi, kapteni alikuwa anatafuta shamba lililo karibu na maji. Wakijaa sawasawa, ng'ombe ni wa kapteni, shamba ni la mkewe, na yule mwenye pembe ni shemeji anayewachonganisha.

Mtu wa chuma nilimfanya karani wa chifu. Hakuna aliyempenda.

Na hakuna siku walipigana mle ndani. Nasema bila kujisifu.

Basi Jumamosi moja chombo kikaanza kuvutwa kwenye shimo jeusi huko angani. Mwenye pembe analia. Kapteni anageuka, anafungua mdomo aseme kitu, mara maandishi yakapanda. Mtangazaji akaongea Kizungu kirefu, ikapigwa muziki, kwisha.

"Amesemaje?" wakauliza.

Nikasema, "Amesema poleni."

Jumamosi iliyofuata kapteni hakuwepo. Kulikuwa na Mzungu anapika samaki. Iliyofuata tena, wakaonyesha vipande vya show mpya zinazokuja. Moja ya joka lenye mabawa. Nyingine ya mtu anayelala leo, anaamka wakati babu yake bado hajaoa.

Mzee Godana, Muorma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, akalitazama lile joka kama anavyotazama fahali mnadani.

"Hii anakula ng'ombe mbili kila siku," akasema. "Nani analisha yeye? Hii show hamalizi kiangazi."

Hiyo ya pili waliikataa Wapokomo. Walisema mtu anayerudi nyuma hivyo atavuna nini, mpunga haurudi kuwa mbegu.

Mama Zuhura akatoka jikoni, kitambaa begani.

"Nambieni, hawa watu wenu warudi ama hawarudi? Nawapa Jumamosi mbili. Wasipokuja, TV naiuza, nanunua friji ya mafuta ya taa. Soda baridi haitaki mtu wa kuitafsiri."

Akaniangalia mimi. Shingo ikaanza kuuma hapo hapo.

Mzee Godana akasema, "Kitu kama haijulikani, mbuzi anaulizwa."

Kwa wasiojua: wazee wengine wa Kiorma walikuwa na elimu ya kusoma utumbo wa mbuzi. Mvua, ugonjwa, ng'ombe waliopotea, yote yameandikwa humo kwa anayejua kusoma. Sharti ni moja. Mbuzi awe wa mwenye shida, kwa sababu utumbo unasema habari za nyumba ya mwenye mbuzi.

"Na hii shida ya nani?" mzee akauliza.

Hoteli nzima ikanigeukia.

Mimi duniani nilikuwa na mbuzi wawili. Dume mmoja, na jike mwenye mimba ambaye ndiye niliyemwekea matumaini yangu yote ya kuoa. Nikaenda kuleta dume. Alinifuata kwa hiari yake, akidhani tunaenda malishoni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Akachinjwa nyuma ya hoteli, kwa bismillahi. Mzee Godana akatandaza utumbo juu ya ngozi, akachuchumaa. Watu tulikuwa elfu moja, au tuseme arobaini, na unasikia nzi tu.

"Hii hapa chombo," akasema, kidole kinatembea. "Hii hapa shimo. Ametoka. Iko hai."

Watu wakashusha pumzi. Mimi nikashusha mbili.

"Wanarudi," akasema. "Lakini hawapiti kwa TV."

"Wapite wapi, dirishani?" Mama Zuhura akauliza.

"Mbuzi hajasema."

Kidole kikaendelea kutembea. Kikasimama. Mzee akainua macho, akanitazama kwa muda, akarudi kwenye utumbo kuhakikisha.

"Na hapa iko mwenye mbuzi," akasema. "Hii mtu hajui Kizungu."

Wakuu, kiboko wa Chara amewahi kunikimbiza nikafika Malindi na kiatu kimoja. Siku ile ya utumbo miguu ilikataa hata hatua.

Mama Zuhura akashika kiuno. "Ati ni kweli, we mwana?"

"Najua kidogo."

"Kidogo kama kipi?"

"Reverse," nikasema.

Wazee wakaanza kunong'onezana kushoto, wengine kulia. Mtu mmoja akauliza ina maana ng'ombe mia tatu pia hawakuwepo. Nikaona magunia yangu yananiita kwa jina.

Hapo ndipo akakohoa Mzee Yona. Huyu alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Ngao, amelelewa na wamisheni, miezi yote ile anakuja, anakaa kulia, anakunywa chai, hasemi.

"Mimi Kizungu nimesoma tangu nina meno ya utoto," akasema. "Kile chombo hakina ng'ombe hata mmoja. Yule wa pembe ni daktari. Saa nzima wanazungumza habari za betri."

"Sasa Yona," wenzake wakamwambia, "miezi yote umetuacha tunadanganywa?"

"Hadithi ya Wazungu wenyewe niliisikiliza Jumamosi ya kwanza. Ikanishinda," Mzee Yona akasema. "Nikahamia ya huyu."

Mzee Godana akawaza. "Betri peke yake?"

"Betri na mlango. Mlango haufungi."

Mzee Godana akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Akanielekezea fimbo. "Wacha yeye," akasema. Tukala nyama. Mimi nilipewa shingo.

Jumamosi mbili zikapita. Mzungu bado anapika samaki yule yule, sijui alikuwa mkubwa kiasi gani. Mama Zuhura hana mchezo, TV ikauzwa, friji ikaja, ikawekwa pale pale.

Jumamosi iliyofuata nikatoa kamba yangu ya magunia, nikaona nipite hotelini niage.

Nikakuta watu wamekaa. Waorma kushoto, Wapokomo kulia, wote wametazama friji. Kiti cha mbele kitupu. Mezani chai na mahamri mawili.

"Umechelewa," Mama Zuhura akasema. "Wametoka shimoni ama wamo?"

Nikakaa. Nikaitazama friji. Nikaanza.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza mimi ni hiki. Wenye TV wanakata umeme tu. Show inakatika siku watu wakiacha kuja kukaa. Nyinyi mnaolilia season ya pili, tafuteni mtu mmoja muongo wa kuaminika, mmpe chai.

Wekeni comment hapo chini, show gani walikukatia ukiwa bado umeinama mbele. Wa kubisha habari ya kiboko afungue uzi wake.

Lakini nisiwafiche na mwisho.

Baada ya kama miezi sita nilichoka. Kuwatafutia watu ng'ombe mia tatu angani kila Jumamosi si mchezo, na mimi nilikuwa na posa ya kupeleka. Siku moja nikamuua kapteni. Akashikwa na homa, akafa, wakamzika kwenye nyota ndogo, mtu wa chuma akachukua fimbo yake. Nikasema imeisha, hakuna season nyingine.

Hakuna aliyenyanyuka. Hakuna aliyegusa kikombe. Kule nje, jike langu, niliyekuja naye tayari kwa posa, alikuwa amefungwa kwenye mlingoti na mtoto wake, akalia mara moja.

Mzee Godana akageuza kichwa polepole, akatazama huko.

"Mwalimu," akasema, "kumbe ile mbuzi ingine bado iko."