Hita ya Gereji ya Jabalini

Siku yangu ya mwanzo kazini, katika mji wa Ibra, Oman, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu alinipa ndoo ya maji ya sabuni na brashi, akanambia nipake kila kiungo cha bomba la gesi katika jiko la mkahawa mmoja.

"Ukiona povu linafura, gesi inavuja. Usipoona kitu, paka tena."

Alikuwa mtu wa Pemba, mnene, mpole, na kila asubuhi alikuja na chupa ya chai ya tangawizi ya kutugaia sote. Nilimpenda siku ile ile.

Ibra nilijifunza kukata na kuunga mabomba. Nilipohamishiwa Sur, msimamizi wa huko akanifunza mabano, yaani vile vyuma vinavyolishika bomba ukutani. Bomba lisiposhikwa vizuri hutikisika, na likitikisika viungo hulegea. Kati ya chuma na bomba la shaba tulitia kipande cha mpira, visisuguane. Kazi hiyo watu wengi huiona ndogo. Mimi niliipenda kuliko zote.

Miaka ya elfu mbili nikapelekwa Nizwa, nikamkuta tena Fundi Mkuu wangu wa Ibra. Kipupwe kimoja tulipanda Jabal Akhdar kufunga hita ya gesi katika gereji ya kijana aitwaye Salim. Huko juu baridi inakata. Baba yake, Mzee Nasor, alikuwa akitengeneza malori tangu ujana wake Mwanza, kabla ya kuhamia Oman, na sasa kila kipupwe vidole vilikuwa vikikataa kushika spana. Salim alitaka mzee akae nyumbani. Mzee hakutaka hata kusikia. Mwisho wakakubaliana hita ijaribiwe. Ikishindikana, mzee anaacha kazi.

Tulipotoboa ukuta, ukamwagika vumbi. Ulikuwa wa mawe ya zamani na udongo, hauwezi kushika skrubu hata moja.

"Fungeni waya kwenye paa mlitundike bomba, khalas, yaishe," alisema Salim.

"Paa la mabati hili, mwanangu. Upepo ukivuma linacheza, na bomba litacheza nalo," alijibu Fundi Mkuu.

"Basi ndiyo haiwezekani. Baba, umesikia?"

Mzee Nasor alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono kaitia makwapani. Nilimwonea huruma nikashindwa kumtazama.

Fundi Mkuu akagonga sakafu kwa kisigino. Ilikuwa zege nzima. "Mzee, tungepata nguzo za chuma tukazisimamisha kando ya ukuta, bomba tungelifunga kwenye nguzo. Ukuta tunauacha na uzee wake."

"Chasisi ya lori itafaa?" aliuliza Mzee Nasor, kashainuka.

Nyuma ya gereji palikuwa na chasisi kuukuu. Gesi ilikuwa bado haijafika, kwa hivyo tuliweza kuchomelea bila hofu. Mzee alikataa nimshikie mashine. Alichomelea polepole, akisimama kupuliza vidole, hata nguzo zote zikawa tayari. Tukazifunga kwenye zege kwa bolti. Nami nikafunga mabano: moja karibu na kila kona, moja karibu na vali, na hita tukaipa nguzo yake peke yake, isiliegemee bomba. Fundi Mkuu akapita akivuta kila bano kwa uzito wake wote. Gesi ilipoletwa na kuunganishwa, nikapaka sabuni. Nikapaka tena.

Hita ilipowaka, Mzee Nasor alisimama mbele yake, akakunja vidole, akakunjua.

"Salim," alisema, "ile Land Cruiser ya jirani iingize."

Salim akatoka kwenda kuileta.

Fundi Mkuu alishatangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Mimi nimestaafu, nipo Nizwa na mke wangu. Vijana huniuliza kama kazi naikumbuka. Naikumbuka kwa watu wake. Na macho nayo yamekataa kustaafu: nikiingia nyumba ya mtu huanza kukagua bomba la jikoni, mpaka mke wangu anifinye mkono.

"Salimia watu kwanza."